Kesi ya Mjukuu na Kitasa cha Fundi Cherehani

Nyumbani, mlango wa kijani,
Nyuma ya stoo ya mbao.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Wa huko hawajambo? Miguu yako iliyokuwa inavimba imepungua, au bado unailoweka kwenye maji ya chumvi na kuwadanganya watu kwamba umepona? Na shemeji yangu mlinzi wa ghala, bado analala akiwa kazini na kukesha akiwa nyumbani? Msalimie, mwambie namkumbuka hata kama yeye hanikumbuki.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, kwa hiyo sipandi ngazi. Macho ni mazima. Tundu la ufunguo naliona bila miwani, na hawa vijana mafundi wa vitasa wa siku hizi, wenye miwani ya kila rangi, wanalipapasa kama mtu anayetafuta kandambili gizani.

Utashangaa mwandiko. Ndiyo, ni wangu. Umezoea barua zangu zikufikie zimenyooka, zina nukta na koma, kwa sababu mimi nilikuwa nasema na mjukuu wetu anaandika. Safari hii amegoma. Nimemwita akae mezani kama siku zote, akanitazama, akasema, "Hii utaiandika mwenyewe, babu." Basi naandika mwenyewe. Shule niliiacha darasa la pili, lakini herufi zote nazijua, hakuna hata moja iliyonishinda, na kama humu nyingine zinapandana, ni kwa sababu meza hii ina mguu mfupi.

Jambo lenyewe nisikuzungushe. Usikate tiketi. Mahafali ya mjukuu wetu hayapo mwaka huu. Kwa wenzake yapo, kwake hayapo. Najua umeshanunua kitambaa cha gauni na umeshawaambia majirani zako wote. Mimi niliwaambia wangu kabla yako, na nimeshapeleka koti la kahawia kwa dobi, kwa hiyo usifikiri unaumia peke yako.

Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine, maana huku wanasimulia upuuzi.

Unakumbuka tulivyobishana alipochagua masomo. Mimi nilitaka asomee sheria, au uhandisi, kitu ambacho ukikitaja kinyozi anazima mashine asikilize. Yeye akachagua shahada ya huduma za binadamu na kazi za jamii. Wewe ukamuunga mkono kwenye simu, ukanikata kauli mimi kaka yako. Nikakubali, na mimi nikishakubali jambo najisifia kwa nguvu zote. Nikaenda kwa kinyozi nikatangaza kwamba mjukuu wangu yuko chuo kikuu, anasomea huduma. Halafu kinyozi akauliza kwa upole kabisa, "Kwani siku hizi kubeba sinia kunataka chuo kikuu, fundi?"

Toka siku hiyo pale kijiweni wanamwita Mhudumu. Nikiingia wananiuliza leo jikoni kuna nini.

Nimewaeleza mpaka mate yamenikauka. Nimewaambia wanasoma namna ya kumsaidia mtoto aliyetupwa, mama anayepigwa, mtu aliyetoka jela akakuta hana pa kwenda, mzee asiye na mtu. Wanasoma sheria humo humo, wanasoma akili za watu, wanasoma hata namna ya kuendesha kikao cha mtaa bila watu kurushiana viti. Kinyozi akasema hayo yote mama yake alikuwa anayafanya bure. Nikamwambia na wewe baba yako alikuwa anakunyoa bure, mbona sisi unatutoza. Akanikata sikio kidogo siku hiyo. Anasema ni bahati mbaya.

Sasa ubaya wa masomo haya, mdogo wangu, ni kwamba yanaletwa nyumbani. Anayesomea ujenzi hakujengei ukuta sebuleni. Huyu mazoezi yote ameyafanyia kwangu. Wamefundishwa kwamba mtu akikueleza jambo lake usikimbilie kumpa dawa, umrudishie kwanza maneno yake ajue umemsikia. Basi nikisema chai imepoa, ananitazama kwa huruma, anasema, "Kwa hiyo unahisi chai imepoa." Sihisi. Imepoa. Nikisema jirani wa upande wa bomba ananiibia maji, anasema, "Naona jambo hili linakuumiza." Halafu kuna lile swali lake, asubuhi na jioni: "Na wewe mwenyewe unataka nini?" Mama yetu hakuwahi kuniuliza ninataka nini, na nimekuwa mrefu hivi.

Lakini ni hodari, hilo nalisema mbele ya yeyote. Vitabu vyake ni vizito vya kuzuia mlango, na anavisoma mpaka mwisho, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo mimi nilidhani ni uchafu wa mashine. Kichwa hicho hakukiokota njiani. Unajua kimetoka wapi.

Mwaka huu wa mwisho wakampeleka mafunzo ya vitendo kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, ghorofani juu ya duka la magodoro. Hapo anakuwa chini ya msimamizi, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, na huyo mama ndiye anayesema amefuzu au hajafuzu. Bila neno lake hakuna shahada, hata uwe umefaulu mitihani yote. Hilo likae kichwani, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Siku moja nilikuwa sebuleni nasafisha kitasa cha mtu kwa mafuta ya taa. Mjukuu yuko jikoni anaongea na mwanafunzi mwenzake kwenye simu, sauti ya chini. Nikamsikia anasema, "Kesi yangu ni nzito, mwenzangu. Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Nikiharibu hapo nimekwisha." Na mwisho akasema, "Nyumbani hawajui. Siruhusiwi kuwaambia."

Niambie wewe ungeelewa nini. Mimi kesi ninayoijua ina hakimu na ina polisi. Nikamwaga mafuta ya taa kwenye mkeka. Nikamwaza yule mtoto niliyemlea toka hajui kufunga vifungo, anakula ugali wake kimya mbele yangu na kesi iko tumboni, hataki kunitia wasiwasi. Sikumuuliza. Mtu mwenye kesi humuulizi, unamtetea.

Asubuhi nikavaa koti la kahawia, nikapanda zile ngazi na goti langu. Ofisi yenyewe ni korido ndefu yenye mabenchi, feni iliyokatika jani moja inapiga tak tak, na sanduku la midoli ya watoto ambayo yote imepoteza jicho au mguu. Watu wamejaa. Nikasimama katikati pale nikasema kwa sauti ya kunitosha, "Mimi ndiye babu yake. Mtoto hana hatia. Kama ni dhamana, niandikeni mimi."

Feni tu ndiyo iliyoendelea na kazi yake. Mlango wa mwisho ukafunguka, mjukuu wetu akatoa kichwa, akaniona, akakishika kichwa hicho kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kisianguke.

Msimamizi akaniingiza chumbani, akanipa maji, akasema kwa ile sauti ndogo, "Kwa hiyo ulikuwa na wasiwasi, mzee." Hapo nikajua ugonjwa ule unatoka wapi. Akanieleza kwamba wao wakisema kesi wanamaanisha habari ya mtu wanayemsaidia, mtu na shida yake. Nikamwambia lugha ina maneno mengi, hawakuona jingine mpaka wakachukue la mahakamani? Akasema nina hoja. Alisema hivyo, mimi sikuongeza, muulize mwenyewe siku ukimwona.

Mambo yangeishia hapo, yangebaki ya kuchekwa kwa kinyozi wiki mbili tatu. Lakini goti likanikamata kabla ya ngazi, nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu palikuwa na mzee mwenzangu.

Huyu nitamwita Fundi Cherehani tu. Habari zake nakuandikia kwa ruhusa yake, nilikwenda kumwomba kabla sijashika kalamu, akasema andika ila jina uliache. Ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini siku hizi kaka yako anaomba ruhusa kama mtoto anayetaka kutoka nje ya darasa.

Namjua kwa sura. Aliwahi kunishonea suruali ikanibana, na mpaka leo anasema ni mimi niliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Tukasalimiana, tukaulizana maradhi. Nikamuuliza anafanya nini mahali pale. Akasema wanawe wamebadilisha kitasa cha nyumba yake. Alisahau pasi kwenye nguo, meza ikaungua, moshi ukajaa mtaa, wanawe wakaja mbio. Mkubwa wake, dereva wa lori, akamchukua kwake kwa lazima, akaweka kitasa kipya na ufunguo akautia mfukoni. Toka hapo baba na mwana hawazungumzi, chakula anapelekewa na mkwe.

Wewe unanijua. Kuna mtu ameketi kando yangu amefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga, na mimi ndiye fundi wa vitasa ambaye mji huu haujapata mwingine. Mgonjwa anaugulia kwenye mapaja ya daktari. Nikamwambia, "Inuka, twende." Akasema kuna kikao Alhamisi. Nikamwambia vikao ni vya watu wasio na vifaa. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na mimi siku zote asiyesema hapana nimemhesabu amesema ndiyo.

Nikapitia karakana nikachukua mkoba. Mlango wake ni wa bluu, mzito, wa mbao za zamani, umelala kidogo upande wa bawaba. Kitasa walichoweka wanawe ni cha kufungia kabati la vyombo. Nilikifungua bila kukwaruza rangi, nikakitoa kizima, nikaweka cha kwangu kizuri cha shaba, nikampa Fundi Cherehani ufunguo mkononi. Ndani mashine mbili za kushonea zimefunikwa shuka, harufu ya vitambaa na mafuta ya cherehani. Yeye akasimama kizingitini muda mrefu haingii. Nikadhani ni furaha.

Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Sikumwambia mjukuu, nilitaka asikie kwa watu.

Akasikia kwa watu. Wanawe walimkuta baba yao ndani, wakaja juu, wakaenda ofisini kwa hasira wakasema wao walikuwa wamekubali kukaa mezani, kumbe huku ofisi inamtuma babu wa mfanyakazi wake avunje mlango. Sikuvunja. Nimekwisha kuwaambia wote, sikuvunja. Kikao cha Alhamisi, kumbe ndiyo ile kesi nzito ya mjukuu wetu, wakakifuta, wakasema hawakai tena na binti yule wala na ofisi ile. Msimamizi akamwambia mjukuu wetu akae nyumbani kwanza mpaka waangalie.

Alirudi mchana, mkoba begani, akasimama mlangoni mwa karakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nina leso. Hakulia. Akaniuliza, "Babu, ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kufunguliwa."

Nikamwambia mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake anataka nini kingine. Nikangoja aseme, kwa hiyo unahisi. Hakusema. Aliingia ndani, nikasikia anasukuma vitabu vyake chini ya kitanda, kimoja kimoja, na vile ni vizito vinakwaruza sakafu.

Hasira niliyokuwa nayo wiki ile, mdogo wangu, ilinizidi. Niliwakasirikia wale wana, na msimamizi, na Fundi Cherehani asiye na shukrani, na wewe uliyemuunga mkono kwenye simu. Nikapanda zile ngazi tena nikamwambia msimamizi wanamwonea mtoto. Akasema kazi yao ina mipaka, ndugu wa mfanyakazi hawaingii ndani ya shida ya mtu. Nikamwambia mimi sikuingia, nilifungua tu. Akasema, "Kwa hiyo unahisi hatukumtendea haki." Nikashuka. Hata kubishana na watu hao huwezi, ni kama kupiga ngumi godoro, na godoro lenyewe liko dukani hapo chini.

Jioni moja nikamwambia mjukuu chai imepoa. Akaichukua, akaipasha moto, akairudisha, akaenda zake. Ilikuwa chai nzuri ya moto, na niliiacha nusu.

Halafu Fundi Cherehani akaja karakana. Akaweka ufunguo wangu wa shaba juu ya jiliwa ninalobania vyuma. Amerudi kwa mwanawe, nyumba ameifunga, mashine zimefunikwa. Nikamuuliza kitasa kina kasoro gani. Akasema hakina kasoro, kitasa kizuri sana.

"Fundi," akaniambia, "ningetaka kuingia tu ningeingia zamani. Dirisha la jikoni halina komeo. Napita hapo toka nina nywele."

Mimi nimekaa na tupa ya kuchongea funguo mkononi.

"Nilitaka mkubwa wangu anifungulie," akasema. "Yeye, kwa mkono wake. Yule binti alikuwa amekwenda kwake mara nyingi, amemsikiliza, amemfikisha hapo, amekubali. Wewe umenifungulia mlango, ukanifungia mwanangu."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi, mengine makali. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema pale kwenye benchi, na nikakumbuka kwamba pale kwenye benchi aliyekuwa anasema ni mimi. Nikafungua mdomo nimtajie suruali ile iliyonibana, walau nimguse, na likanitoka lile swali la mjukuu, kama jino bovu linavyotoka lenyewe katikati ya chakula. "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Akanitazama. Akasema, "Kafunge."

Maisha yangu yote nimeitwa kufungua. Nimefungua milango ya mabenki nikaingia kwa heshima, nimefungua masanduku ya marehemu mbele ya warithi wanaokodoleana macho, na nilichokiona ndani sijapata kukisema nje, ndiyo maana wananiita. Sikuwahi kuitwa kwenda kumfungia mtu nje ya nyumba yake na yeye mwenyewe amesimama pembeni ananishikia bisibisi. Nikatoa kitasa changu cha shaba. Nikarudisha ile takataka ya kabatini. Majirani wametoka na vikombe vyao vya chai kuangalia. Kinyozi naye akapita, bila shaka alipita kwa makusudi, akauliza, "Leo tunafunga mapema, fundi?" Kichwa changu sasa nakinyoa nyumbani, na ndiyo maana ukiniona utaona mabaka.

Fundi Cherehani akaenda ofisini mwenyewe. Akawaambia kwamba mlango umefungwa kama ulivyokuwa, kwamba binti hakumtuma mtu, ni babu yake tu ndivyo alivyo, na kwamba yeye atakaa mezani na wanawe ila kwa binti yule, si kwa mwingine. Kwa wanawe akapeleka maneno hayo hayo. Wakazunguka, wakakataa, wakaja wakakubali. Alhamisi, saa kumi, pale pale mlangoni.

Mimi nikaambiwa nisisogee. Msimamizi alinionyesha mahali pa kusimama, ng'ambo ya barabara, karibu na nguzo ya umeme, kama mbuzi. Nikasimama.

Mwana mkubwa akaja. Ni jitu, mikono kama magurudumu ya lori lake, na jasho linamtiririka na jua limeshapungua. Hakumtazama baba yake. Akatoa ufunguo, akautia, akazungusha. Mlango haukufunguka. Akazungusha tena. Akasukuma kwa bega.

Na mimi najua, mdogo wangu. Nimekwambia mlango ule umelala upande wa bawaba, ulimi wa kitasa unabanwa, ukiuinua kidogo tu huku unazungusha unaachia wenyewe. Neno moja kutoka ng'ambo ya barabara lingetosha. Nikalihisi linapanda kooni. Mjukuu wetu akageuka akanitazama, mara moja tu, hakunikunjia uso wala nini. Nikauma ulimi, nauma kweli, mpaka leo una kidonda na sili pilipili. Kijana anahangaika na ufunguo, shingo imemvimba kwa aibu, nikaona sasa anauchomoa, anaondoka, yamekwisha.

Fundi Cherehani akasogea. Akamwekea mkono mgongoni. "Uinue, mwanangu," akasema. "Huu mlango unataka kuinuliwa kidogo. Ndivyo ulivyo toka mko wadogo."

Akauinua. Ukafunguka.

Waliingia wote, na mjukuu wetu nyuma yao, mlango ukarudishwa. Mimi nikabaki kwenye nguzo yangu. Sikusikia lolote lililosemwa ndani, na nilipomuuliza njiani tukirudi akaniambia hayo ni ya wenyewe. Ninachojua ni kile anachokiona kila mpita njia: mzee amerudi kwake, na jioni lori linasimama pale nje, kijana anaingia, ndipo taa ya chumba cha mashine inazimwa. Funguo kila mtu ana wake. Kitasa ni kile kile cha kabati. Nimewaambia cha shaba nitawapa bure, wamesema watafikiri.

Sasa sikia kilichoniudhi. Ungedhani baada ya hapo wangempa mtoto shahada yake na shada la maua. Msimamizi amesema amefanya kazi vizuri sana, amesema hivyo mbele yangu, lakini siku alizokaa nyumbani zimevunja mafunzo, utaratibu wa chuo unataka ayaanze upya na kundi lijalo. Mahafali ni mwakani. Nimepinga. Nimesema kosa ni langu anipe mimi adhabu. Akasema, "Kwa hiyo unahisi kosa ni lako." Nikamwambia sikusema hivyo. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na tak tak ya feni ile ikaendelea. Mpaka leo sijui nani alishinda.

Mjukuu mwenyewe hakulalamika hata kidogo, nayo inaniudhi. Jana ametoa vitabu chini ya kitanda, amevipangusa vumbi kwa kanga yake, amevipanga mezani, ndiyo maana nimebaki na kona hii yenye mguu mfupi. Jioni aliniletea chai. Nikaionja, nikasema imepoa. Akaniangalia kwa ile huruma yake ya chuo kikuu, akasema, "Kwa hiyo unahisi chai imepoa."

Nikainywa yote, hivyo hivyo.

Mengine ni madogo. Bati la nyuma linavuja. Jirani wa bomba bado mwizi. Ile miwani uliyonitumia siivai kwa sababu siihitaji, ila leo nimeivaa kidogo kuandika, usiwaambie watu. Msalimie shemeji. Wasalimie watoto wako wote, na yule wa mwisho mwenye meno kama yangu mpe pole. Dada yetu mkubwa ukizungumza naye mwambie sijamnunia, nilikuwa na kazi. Mjukuu wetu anakusalimu sana, amepita hapa nyuma ya kiti sasa hivi, na nimefunika karatasi kwa mkono.

Mungu akulinde, akupunguzie uvimbe, akupe usingizi mzuri hata kwa mkoromo wa mume wako.

Nilipoanza barua hii nilikwambia usikate tiketi. Nimeisoma tena toka juu, na naona nimekuamulia. Pengine hukuwa unakuja kwa ajili ya mahafali tu. Pengine unataka kumwona mtoto sasa hivi, au unataka kuja kunicheka, sijui, sikukuuliza. Basi nakuuliza, na usinizoee, ni safari hii tu. Na wewe mwenyewe unataka nini?

Jibu upesi. Koti bado liko kwa dobi.

Ni mimi nikupendaye toka ulipokuwa unabebwa mgongoni kwangu,
Kaka yako,
Fundi